Homa ya Mafua Chuoni: Mgonjwa Apumzike Alipo



Katika wilaya yetu ya Kilosa tuna vyuo kadhaa. Pale Ilonga kuna chuo cha ualimu na chuo cha kilimo. Kilosa mjini kuna chuo cha afya. Mikumi kuna chuo cha ufundi cha VETA. Vijana wetu wanasoma humo pamoja na vijana wa mikoa mingine. Wanalala pamoja, wanakula pamoja na kusoma pamoja. Ugonjwa wa kuambukiza ukiingia mahali kama hapo, hauchukui siku nyingi kuenea.

Leo tuzungumze juu ya ugonjwa mmoja, nao ni homa ya mafua. Huenda ukasema, "Mafua? Hayo nayo ni ya kuandikwa gazetini?" Au ukasema, "Mimi ni mkulima wa Rudewa. Mambo ya chuo yananihusu nini?" Yanakuhusu. Chuo hakina ukuta wa kuzuia ugonjwa. Mwanafunzi anakula kwa mama lishe. Pengine amepanga chumba katika nyumba yako. Ijumaa anakwenda msikitini, au Jumapili anakwenda kanisani, nawe umo. Akiugua anapanda basi na kurudi nyumbani kwa bibi yake. Hiyo safari ya mwisho ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, nami nitaeleza sababu.

MAFUA NA HOMA YA MAFUA

Kuna mafua ya kawaida. Haya kila mtu anayajua. Pua inatoa kamasi, unapiga chafya, koo linawasha. Unaendelea na kazi zako, na baada ya siku chache yamekwisha.

Homa ya mafua ni jambo jingine. Inakuja kwa ghafla. Asubuhi mtu mzima, jioni yuko chini. Mwili unakuwa moto. Kichwa kinauma, mgongo unauma, miguu inauma. Anasikia baridi na kutetemeka. Anakohoa kikohozi kikavu. Hana hamu ya kula wala nguvu ya kuinuka kitandani. Homa hukaa siku tatu au nne. Kikohozi na uchovu huweza kubaki wiki mbili.

Ugonjwa huu unaletwa na vijidudu vidogo sana viitwavyo virusi. Hauletwi na mvua. Hauletwi na kuoga maji ya baridi. Mtu aliyenyeshewa shambani peke yake hawezi kupata homa ya mafua kutoka kwenye mvua ile. Lakini mvua ikinyesha watu hukimbilia ndani, wakafunga madirisha, wakakaa karibu karibu. Hapo virusi hupata nafasi ya kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Sasa sikiliza vizuri jambo hili. Sisi tunaishi katika nchi ya malaria. Malaria nayo inaleta homa, kichwa kuuma, mwili kuuma na kutetemeka. Kwa macho tu hata mganga hawezi kutofautisha kwa uhakika. Kwa hiyo mtu mwenye homa asikae akisema, "Chuo kizima kina mafua, na mimi ni mafua tu." Apimwe malaria. Tone moja la damu kidoleni linatosha, na majibu hupatikana kwa muda mfupi hapo hapo zahanati. Kuna kijana anaweza kulala bwenini siku tatu akidhani ana mafua kama wenzake, kumbe malaria inapanda kichwani. Na wakati wa mlipuko wa mafua ndipo kosa kama hilo linapokuwa rahisi kutokea, kwa sababu kila mtu ana homa.

JINSI UNAVYOENEA BWENINI

Mgonjwa akikohoa au kupiga chafya, vitone vidogo vya mate na kamasi hutoka. Vitone hivyo vina virusi. Aliye karibu anavivuta kwa pua au kinywa. Vingine huanguka mezani, kwenye kitasa cha mlango, kwenye bomba, kwenye simu. Mtu anagusa, kisha anajifuta macho au pua. Ameambukizwa.

Tangu kuambukizwa hadi kuugua hupita siku moja hadi nne. Mara nyingi ni siku mbili. Tena mtu huanza kuwaambukiza wenzake siku moja kabla hajajisikia mgonjwa, na huendelea siku tano hadi saba baada ya kuugua. Ndiyo maana ugonjwa huu ni mgumu kuushika. Unapomwona wa kwanza analala, wa pili na wa tatu wamekwisha kuambukizwa, nao bado wanacheza mpira.

Tufanye hesabu kidogo. Huu ni mfano tu. Tuseme kila mgonjwa anawaambukiza watu wawili, na kila hatua inachukua siku tatu. Leo yuko mgonjwa mmoja. Baada ya siku tatu wameongezeka wawili. Siku ya sita wameongezeka wanne. Siku ya tisa wanane. Siku ya kumi na mbili kumi na sita. Siku ya kumi na tano thelathini na wawili. Jumlisha wote. Ni watu 63 katika nusu mwezi, nao wametokana na mtu mmoja. Sasa rudia hesabu hiyo, lakini kila mgonjwa amwambukize mtu mmoja tu, kwa sababu aliwekwa kando mapema. Utapata watu sita. Chuo hakihitaji kumzuia kila mtu asiugue. Kinahitaji kila mgonjwa aambukize wachache.

Tazama sasa bweni lilivyo. Vitanda ni vya juu na chini, vimebanana. Madirisha yamefungwa usiku kwa kuogopa mbu na wezi. Ndoo ya maji ya kunywa iko pembeni, na kikombe ni kimoja. Taulo la mtu huyu linafutia uso wa mtu yule. Mimi nasema ndoo ile yenye kikombe kimoja inafaa kuondolewa kabla ya kununua dawa yoyote.

UGONJWA HUU HAUKUANZA JANA

Mwaka 1918, vita kuu ya kwanza ilipokuwa inakwisha, homa ya mafua ilienea dunia nzima. Ilifuata meli, ikafuata reli, ikafuata njia za askari na wapagazi. Wataalamu wanakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 walikufa duniani. Hapa kwetu Tanganyika watu wengi sana walikufa, na ilikuja juu ya njaa na taabu za vita. Jambo la ajabu ni kwamba haikuua watoto na wazee tu. Iliua sana vijana wenye nguvu zao. Makambi ya askari yaliteketea haraka, na kambi ya askari ina vitanda vilivyobanana kama bweni.

Mwaka 2009 ilitokea tena aina mpya ya homa ya mafua. Watu waliiita mafua ya nguruwe. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 11 Juni 2009 kwamba imeenea dunia nzima. Kwa majirani zetu wa Kenya, mgonjwa wa kwanza alitangazwa mwishoni mwa Juni. Alikuwa mwanafunzi kutoka Uingereza, aliyefika Kisumu pamoja na kundi la wanafunzi wenzake. Hapa Tanzania mgonjwa wa kwanza alitangazwa mwezi Julai. Naye alikuwa mwanafunzi kutoka Uingereza. Unaona jinsi ugonjwa huu unavyopenda kusafiri na wanafunzi? Ni kwa sababu wanafunzi husafiri kwa makundi na kulala kwa makundi.

Kule Kisumu wale wenzake hawakuachwa watawanyike. Walibakizwa hotelini waangaliwe. Kumbuka hilo, maana nitalirudia.

Halafu ukaja mwaka 2020, ambao wote tunaukumbuka. Korona si homa ya mafua. Virusi vyake ni vingine. Lakini njia yake ya kuenea inafanana na ya mafua. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi. Siku mbili baadaye vyuo vilikuwa vimeagizwa kufungwa, na vilifunguliwa tena tarehe 1 Juni. Serikali ilikuwa na sababu zake, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa mgeni na chanjo haikuwapo. Lakini mwaka ule uliacha mazoea fulani. Siku hizi bweni likisikika lina wagonjwa watano wa mafua, wanafunzi wanafunga mabegi wenyewe, na wazazi wanapiga simu, "Njoo nyumbani haraka!"

MGONJWA ASIPANDE BASI

Mzazi wangu, najua uchungu wa kusikia mtoto anaumwa mbali. Lakini fikiri pamoja nami.

Mwanao yuko Mikumi, ana homa. Anapanda basi la kuja Kilosa, au la Morogoro, au la Iringa na Mbeya. Pale ni njia kuu, na magari hupita usiku na mchana. Basi limejaa. Abiria wamefunga madirisha kwa sababu ya vumbi au mvua. Anakohoa njia nzima. Anashuka, anapanda bodaboda, anafika nyumbani. Nani anampokea? Bibi yake mwenye miaka sabini na kitu. Dada yake mwenye mimba. Mtoto wa dada, miezi minane. Wote wanamkumbatia kwa furaha. Usiku analala chumba kimoja na wadogo zake.

Mwanao ana miaka ishirini. Yeye atapona, mara nyingi, katika wiki moja. Bibi huenda asipone.

Homa ya mafua ina watu wake inaowaonea. Ni watoto chini ya miaka mitano, na zaidi wale chini ya miaka miwili. Ni wazee waliofikisha miaka 65. Ni akina mama wajawazito. Ni wenye pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo, siko seli, na wanaoishi na virusi vya ukimwi. Kwao homa ya mafua huweza kushuka kifuani ikawa kichomi. Sasa hesabu mwenyewe. Watu hao ni wangapi chuoni? Ni wachache. Nyumbani kwako ni wangapi? Kumtoa mgonjwa chuoni na kumleta nyumbani ni kuuchukua ugonjwa kwenye vijana wenye nguvu na kuupeleka kwa wanyonge.

Kwa hiyo mwanao akipiga simu kwamba ana mafua makali, mwulize maswali haya. Amepimwa malaria? Anapumua vizuri? Anakunywa maji na uji? Nani anampelekea chakula? Kama majibu ni mazuri, mwambie apumzike hapo hapo. Nauli uliyotaka kumtumia, itume ikanunue sukari, unga wa uji na dawa ya homa. Mpigie kila siku asubuhi na jioni. Kama majibu ni mabaya, mwambie aende hospitali iliyo karibu naye leo hii, si kesho. Walioko Mikumi wana hospitali ya Mtakatifu Kizito. Walioko Kilosa na Ilonga wana hospitali ya wilaya. Huko ni karibu kuliko nyumbani kwako.

Na kama amekwisha kufika? Hatumfukuzi mtoto. Mpe chumba chake, na kama chumba ni kimoja tu, alale peke yake karibu na dirisha lililo wazi. Mchana akae nje kivulini, hewa inapita. Mtu mmoja tu amhudumie, naye awe mzima na kijana. Asiwe bibi, asiwe mama mjamzito. Afunike pua na mdomo kwa barakoa au kitambaa safi anapokuwa karibu na watu. Asimbebe mtoto mchanga hadi homa iishe na siku tano zipite.

KAZI YA CHUO

Hapa nasema na wakufunzi na walezi wa mabweni, lakini wewe msomaji nawe soma. Ukiwa mjumbe wa kamati au mzazi katika kikao, utajua la kuuliza.

Kwanza chuo kiwe na chumba cha wagonjwa kabla ugonjwa haujaja. Si lazima kiwe jengo jipya. Chumba kimoja chenye madirisha pande mbili, vitanda vichache vyenye vyandarua, ndoo ya maji na choo karibu, kinatosha kuanzia. Wenye homa na kikohozi walale humo badala ya bwenini. Wakizidi chumba, bweni moja litolewe liwe la wagonjwa. Vitanda viachane hatua moja ndefu au zaidi. Hata bwenini kwa walio wazima inafaa walale kichwa na miguu, yaani huyu kichwa kaskazini na jirani yake kichwa kusini, nyuso zisielekeane.

Pili chakula. Mgonjwa akiambiwa ajitenge halafu chakula kinagawiwa bwaloni tu, atafanya nini? Atakwenda bwaloni, atapanga mstari, atakohoa mstari mzima. Lazima mtu achaguliwe wa kumpelekea uji, maji na chakula mlangoni. Wanafunzi wenyewe wanaweza kupeana zamu.

Tatu, na hapa nitasema wazi. Vyuo vingine vinahesabu mahudhurio kwa ukali sana. Mwanafunzi akikosa vipindi anapoteza haki ya mtihani, au anatakiwa alete cheti cha daktari hata kwa siku moja. Nia ni nzuri, watoto wasome. Lakini matokeo yake kijana mwenye homa anameza vidonge viwili asubuhi, homa inashuka, anakwenda darasani au karakana, anashika nyundo na spana ambazo wenzake thelathini watazishika. Ameficha ugonjwa kwa kuogopa kalamu ya mahudhurio. Wakati wa mlipuko, mkuu wa chuo atangaze kwamba mgonjwa aliyejitokeza hatapoteza kitu, na kwamba mtihani atapewa akipona. Tangazo hilo halina gharama. Naamini litafanya kazi kuliko mapipa ya dawa ya kupuliza.

Mgonjwa arudi darasani lini? Arudi homa ikiwa imekwisha kwa siku nzima, yaani saa ishirini na nne, bila kumeza dawa ya kushusha homa. Hayo maneno ya mwisho ni muhimu. Homa iliyoshushwa na dawa haijakwisha. Na ni vizuri zaidi afikishe siku tano tangu alipoanza kuugua.

Nne, chuo kihesabu. Mlezi wa bweni aandike kila asubuhi wangapi wana homa na kikohozi. Jana watatu, leo saba, hiyo si kawaida tena. Apeleke habari zahanati au hospitali mara moja, nao watampasha mganga mkuu wa wilaya. Wataalamu wakija wanaweza kuchukua ute wa puani na kooni kwa pamba, ukapimwe kujua ni virusi gani. Chuo kisione aibu. Aibu ni kunyamaza hadi kijiji kizima kikohoe.

MIKONO, HEWA NA KIKOMBE

Haya ni mambo madogo, nayo unayajua. Nitayapitia haraka.

Fungua madirisha mchana kutwa, na usiku pia kama kuna wavu na chandarua. Kohoa na piga chafya kwenye kiwiko cha mkono, usikohoe kwenye kiganja. Leso ni yako peke yako, ifuliwe kila siku. Usiteme mate na makohozi ovyo. Kila mtu awe na kikombe chake na taulo lake.

Nawa mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni. Beseni moja la kunawia watu kumi halifai, kwa sababu wa kumi ananawa uchafu wa tisa. Pasipo na bomba tengeneza kibuyu chirizi. Chukua dumu la lita tano, toboa tundu dogo karibu na shingo. Litundike kwenye mti ulalo, funga kamba shingoni, kamba ishuke hadi kwenye kijiti kilicholala chini. Ukikanyaga kijiti dumu linainama na maji yanachirizika. Hugusi dumu kwa mkono. Tundika sabuni pembeni. Weka kimoja mlangoni mwa bwalo na kingine karibu na choo. Sabuni ikikosekana, jivu safi linasaidia.

MATIBABU

Mtu mwenye nguvu anapona homa ya mafua kwa kupumzika, kunywa vitu vya maji maji kwa wingi na kula anachoweza. Uji, maji yaliyochemshwa, chai, supu, madafu, vyote vyafaa. Chai ya tangawizi na limao inatuliza koo. Asali nayo inatuliza kikohozi, lakini mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Kwa homa na maumivu mtu mzima ameze parasetamoli za miligramu 500, kidonge kimoja au viwili, kila baada ya saa sita. Zisizidi nane kwa siku moja, usiku na mchana. Hapa kuna mtego. Dawa nyingi za mafua zinazouzwa katika maduka ya dawa zimechanganywa na parasetamoli humo humo. Mtu anameza dawa ya mafua, halafu anameza parasetamoli juu yake, bila kujua amemeza dawa ile ile mara mbili. Ikizidi inaharibu ini. Mwulize muuza dawa, "Hii ndani yake ina parasetamoli?" Ni haki yako kuuliza. Watoto na vijana wasipewe aspirini kwa homa ya mafua, kwa maana huweza kuleta madhara makubwa ya ubongo na ini.

Amoksilini na dawa nyingine za kuua bakteria haziui virusi. Kununua vidonge vitano vya amoksilini kwa ajili ya mafua ni kutupa fedha, na ni kuwazoesha bakteria dawa hiyo ili siku ukiugua kichomi isikusaidie. Dawa mseto ya malaria nayo ni ya aliyepimwa akaonekana ana malaria. Na sindano si bora kuliko kidonge. Wazee wangu, naomba mniamini katika hilo, ingawa najua sindano inapendwa.

Kujifukiza je? Mvuke hulegeza pua iliyoziba, mgonjwa akasikia nafuu. Hauui virusi. Kama mnajifukiza, angalieni sufuria la maji ya moto. Watoto wameungua kwa namna hiyo. Tena msijifukize wawili chini ya shuka moja, maana hapo mtavuta pumzi ya mwenzenu.

Zipo dawa za virusi vya mafua ambazo daktari huweza kuwapa wagonjwa mahututi au wale wanyonge niliowataja. Hufanya kazi vizuri zikianza ndani ya siku mbili za mwanzo. Ndiyo maana mjamzito, mzee au mwenye pumu asingoje aone itakavyokuwa. Aje siku ile ile. Chanjo ya homa ya mafua pia ipo duniani, na hurudiwa kila mwaka kwa sababu virusi hubadilika. Haimo katika chanjo za kawaida tunazowapa watoto kliniki.

WAKATI WA KUKIMBIA HOSPITALI

Mgonjwa yeyote apelekwe mara moja akiona au akionekana na dalili hizi: anapumua kwa shida au haraka haraka, kifua kinauma, midomo inageuka rangi, anatoa makohozi yenye damu, amechanganyikiwa au haamki vizuri, anadegedega, hawezi kunywa, au anatapika kila kitu. Kwa mtoto angalia mbavu. Zikiingia ndani kila anapovuta pumzi, usingoje kuche. Mtoto mchanga asiyenyonya naye ni hivyo hivyo.

Iko dalili moja inayowapotosha wengi. Mgonjwa anapata nafuu, homa inaisha, anaanza kutembea. Halafu siku ya tano au ya sita homa inarudi kwa nguvu na kikohozi kinazidi. Watu husema, "Alitoka kitandani mapema, baridi imemrudia." Siyo. Mara nyingi ni kichomi kilichoingia mapafu yakiwa yamedhoofika. Hapo ndipo dawa za kuua bakteria zinapohitajika, naye anahitaji kuonwa na mganga siku hiyo.

KWA MAMA LISHE NA MWENYE NYUMBA

Mama lishe, wewe unawalisha vijana hamsini kwa siku. Chuo kikiwa na mafua, weka maji ya kutiririka na sabuni mbele ya meza zako. Panga mabenchi nje, chini ya mti, kuliko ndani ya kibanda. Osha vikombe kwa sabuni na maji ya moto, usivichovye tu kwenye ndoo. Mwanafunzi akituma mwenzake achukue chakula cha mgonjwa, mfungie kwenye chombo chake mwenyewe. Na wewe ukishikwa na homa, funga jiko siku hizo. Najua siku moja bila kuuza inauma, na hakuna atakayekulipa. Kwa hiyo ni vizuri akina mama wa mahali pamoja mkubaliane mapema nani atamshikia mwenzake jiko.

Nawe mwenye nyumba uliyepangisha vyumba, usimtoe mpangaji kwa sababu anakohoa. Ukimtoa atapanda basi. Mpe ndoo yake ya maji, mwonyeshe choo, mgongee mlango asubuhi na jioni uone kama anaitika. Mjulishe mlezi wake chuoni. Watoto wako wadogo wasiingie chumbani mwake wiki hiyo.

Na kama kikohozi kimebaki, si kwa mwanafunzi tu bali kwa yeyote nyumbani, hesabu siku. Kikifikisha wiki mbili asiseme ni mabaki ya mafua. Aje zahanati atoe makohozi yapimwe kifua kikuu. Kupima ni bure, na dawa zake ni bure.